JAMANI, NANI ANAKULA BETRI ZA REDIO?

KUNA simu nyingine ukipigiwa unadhani unataniwa. Baba yangu mdogo, ambaye ni mvuvi wa dagaa katika kambi moja huko visiwani Ukerewe, alinipigia mwezi uliopita. Nikajua tu ni hela ya dawa au ada ya watoto. Wapi! Aliuliza hivi: "Mwanangu, wewe unayeandika magazetini, hebu niambie, nani anakula betri za redio yangu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Jumatatu naweka mpya. Jumatano sauti inakuwa ya mgonjwa. Alhamisi imekata roho. Na unajua huku redio si ya starehe."

Kweli najua. Kwa asiyelijua ziwa letu, dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka watu wanashona nyavu na kulala. Giza likirudi, mitumbwi inatoka jua linapozama, taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanazifuata. Sasa balaa ni kwamba dhoruba za Ziwa Victoria nazo hupenda usiku huo huo. Nchi kavu mvua ya radi huja alasiri, lakini ziwani ni kinyume. Usiku hewa ya baridi inateremka kutoka pande zote za nchi kavu, inakutana juu ya maji yenye joto, inapanda juu kwa nguvu, na kuelekea alfajiri mnaanza kusikia mngurumo mkiwa mbali na pwani.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu kati ya 3,000 na 5,000 wanaokufa ziwani humu kila mwaka, ukichanganya nchi zote tatu. Ndiyo sababu mwaka 2017 ulianza mradi ulioitwa HIGHWAY, kwa fedha za Waingereza, kuwapatia wavuvi utabiri wao wenyewe: upepo, urefu wa mawimbi, mvua, upande gani wa ziwa na saa ngapi. Utabiri wa namna hiyo unasomwa redioni. Ukiwa na redio iliyokata roho siku ya Alhamisi, Alhamisi hiyo utabiri unasomewa wengine.

Mimi mwenyewe nina historia yangu na betri, na sitaki kuipita.

Tarehe 21 Mei, 1996, siku ya Jumanne, nilikuwa mtoto, tunakaa Kirumba hapa Mwanza. Asubuhi ile habari ilipita mtaani kabla haijafika redioni: meli ya MV Bukoba imezama, imebakiza kidogo tu kuingia Mwanza. Shangazi yangu tulikuwa tunamtegemea kwa meli hiyo hiyo. Redio yetu ilikuwa National, zile ambazo kampuni ya Matsushita ilizifanya ziwe mali ya kila nyumba nchini baada ya kufungua kiwanda chake Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Ilikuwa inakula betri kubwa nne. Na siku hiyo betri zote nne zilikuwa juu ya bati, zimeanikwa.

Wa rika langu mnalijua hilo. Betri ikichoka unaianika juani, inapata moto kidogo, unapewa nusu saa nyingine ya uhai. Baba akapanda kwenye stuli akazishusha zikiwa bado na joto, akazitia. Sauti ya mtangazaji ikaja juu, akasema "meli," akasema "abiria," halafu ikaanza kuzama nayo. Wanaume wazima saba waliinama pale mezani, sikio kwa sikio, mpaka ukabaki mkwaruzo tu. Baba alizitoa, akazigonganisha, akazirudisha. Hakuna kitu. Jirani mmoja akakimbia kwake akaleta mbili, tukachanganya mbili hai na mbili mfu, na kila mwenye ujuzi wa redio anajua matokeo yake.

Shangazi alifika siku ya nne kwa basi, akatukuta tumefunga turubai. Mtoto wake alishikwa na homa pale Kemondo, akaiacha meli iondoke. Tangu hapo marehemu baba hakukaa tena bila betri mpya ndani, amezifunga kwenye soksi, na ole wako uziguse kwa ajili ya mpira au muziki.

Kwa hiyo baba mdogo aliponiuliza nani anakula betri, sikumwambia "nunua nyingine." Nilimwambia aitume redio. Ikaja na mtu kwa meli ya Nansio, imefungwa kwenye mfuko wa rambo, inanuka dagaa mpaka makondakta wa daladala walinigeukia.

Nikaipeleka Makoroboi. Ukiingia kwenye vile vichochoro, katikati ya mitumba, vyombo na chaja za simu, bado kuna mafundi wachache wa redio ambao hawajahamia kwenye simu. Niliyemkuta ni mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Akaifungua kwa bisibisi ndogo, akaunusa ule mfuko, akaniangalia.

"Kaka, hii redio imetoka majini."

"Imetoka majini, fundi. Inakula betri."

"Redio haili betri," akasema. "Ngoja nikuonyeshe mlaji."

Akachomeka mita katikati ya betri na redio. Sauti ikiwa chini kabisa, mita ilisoma miliampia 13. Akapandisha sauti kidogo, ikafika 40. Akaipandisha kama wanavyoipandisha wavuvi, yaani mpaka spika inatetemeka, namba zikawa zinaruka kati ya 110 na 150 kila mtangazaji anapovuta pumzi. "Umemwona?" fundi akauliza. "Mlaji ni huyu hapa." Akaigonga ile spika kwa kidole.

Sehemu inayonasa mawimbi, alisema, ni kitu kidogo sana, na akanionyesha. Mimi nilitegemea kuona kile kijidudu cheusi chenye miguu mingi. Kumbe hakuna hata kijidudu, kuna tone jeusi kama lami limedondoshwa juu ya kibao. Chipu iko chini ya lile tone. Haina jina, haina namba, na aliyeitengeneza hataki ujue.

Lakini ukoo wake unajulikana, na ni hadithi tamu.

Redio za FM zimetokana na kazi ya Mmarekani Edwin Armstrong, aliyepata hataza zake mwaka 1933. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kunasa FM kulihitaji msitu wa vifaa. Redio huchukua mawimbi ya kituo, tuseme megahezi 100, inayashusha hadi megahezi 10.7, ndipo inayachuja ili kituo jirani kisiingilie. Hapo kwenye 10.7 machujio yake ni koili za waya ndani ya vikopo vidogo vya bati. Wale waliowahi kufungua redio ya mzee kwa siri wanavikumbuka: vikopo vyenye kichwa cha rangi, na ukikizungusha kimoja tu redio inanyamaza na wewe unachapwa. Koili hazikubali kuingia ndani ya chipu. Ndiyo maana redio haikuweza kuwa ndogo, na kila moja ilitaka fundi aitege kwa mkono.

Katika kampuni ya Philips ya Uholanzi, mhandisi Dieter Kasperkovitz na mwenzake Harm van Rumpt wakauliza swali la kichokozi: kwa nini tushuke mpaka 10.7 tu? Tushuke mpaka kilohezi 70. Huko chini chujio linaweza kutengenezwa kwa vijisehemu vidogo vinavyokaa ndani ya chipu yenyewe, bila koili. Tatizo likawa moja. Kwenye FM, sauti ndiyo inayoyumbisha mawimbi huku na huku, hadi kilohezi 75 kila upande. Utayumbaje 75 ukiwa umesimama kwenye 70? Unaanguka.

Dawa waliyoipata mvuvi yeyote ataielewa. Mtu aliyesimama kwenye mtumbwi hakakamai. Wimbi likiinua, anakunja magoti, mtumbwi unapanda na kushuka lakini kichwa chake kinabaki karibu palepale. Chipu yao nayo ilifanywa ifuate myumbo wa kituo, yenyewe ikiyumba pamoja nacho, hivyo kinachobaki ndani ni kilohezi 15 tu. Chipu hiyo ikaitwa TDA7000, ikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa na miguu 18 na ilitumia kama miliampia 8 kwa volti 4.5. Nane! Taa ndogo ya tochi ya zamani inakula mara 20 au 30 ya hizo.

Baadaye ikaja mdogo wake, TDA7088, inayotosheka na volti 3 na miliampia 5 hivi. Huyu ndiye mliyemjua wote bila kumjua jina. Mnakumbuka vile vijiredio vya Kichina vilivyojaa mijini, vya kuvaa sikioni, vina vitufe viwili tu, SCAN na RESET? Unabonyeza SCAN kinaruka kituo kinachofuata. Ukikipita unachokitaka huwezi kurudi nyuma hata hatua moja, lazima ubonyeze RESET uanze safari upya kutoka chini. Watu tulidhani Mchina alibana matumizi. Hapana, ndivyo chipu yenyewe ilivyozaliwa, inajua kutafuta kwa kupanda tu. Wachina waliiiga neno kwa neno, na uvivu wake wakauiga pia.

Na vilikuja kwa wakati wake. Kabla ya Sheria ya Utangazaji ya 1993 tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, masafa ya kati na mafupi, yenye kusafiri mbali na kukoroma njiani. Sheria ilipofungua mlango, Radio One ikaanza Dar mwaka 1994, na katikati ya muongo huo huo Mwanza tukapata Radio Free Africa yetu wenyewe. Leo ukibonyeza SCAN ukiwa Capri Point unapita kwenye vituo mpaka kidole kinachoka.

Chipu za siku hizi ni za kidijitali. Kampuni ya Silicon Labs ya Marekani ilitoa Si4700 mwaka 2005, kitu cha milimita chache, kikaingia kwenye simu. Wachina wakajibu kwa RDA5807, ambayo sasa imejaa kwenye redio na spika za bei nafuu. Hizi zinatafuta kituo mbele na nyuma, hazihitaji kutegwa na fundi. Lakini nikwambie kitu ambacho muuza duka hakwambii: RDA5807 inaweza kula hadi miliampia 20, wakati bibi yake wa Philips alikula tano. Upya si lazima uwe ubahili.

Nikamwuliza fundi kuhusu simu. Kwa nini baba mdogo asisikilizie kwenye simu yake ya vitufe? Simu ndogo nyingi zina FM. Nokia 1616, iliyotangazwa mwishoni mwa 2009, ilikuwa na tochi na redio pamoja. Fundi akacheka. Kwanza, simu nyingi zinataka uchomeke waya wa sikioni ndipo redio iwake, kwa sababu waya ule ndio antena. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75, karibu sawa na waya wa kutoka sikioni hadi mfukoni. Pili, chaji ikiisha baba mdogo atakosa redio na simu pamoja, tena ziwani. Na hizi simu kubwa za kutelezesha kidole nyingine hazina redio kabisa. Mwaka 2017 Apple walisema wazi kwamba iPhone 7 na 8 hazina chipu ya FM wala antena yake. Unanunua simu ya mamilioni halafu inashindwa na kijiredio cha elfu kumi!

Basi tukapiga hesabu juu ya boksi la soda. Betri ndogo za bei rahisi, zile za pea moja, zinabeba kama miliampia 600 kwa saa moja, na si zaidi sana. Ukitumia waya wa sikioni, redio inakula 15, unapata saa 40. Ukitumia spika kwa kelele, inakula 120, unapata saa 5. Hapo ndipo Jumatatu inapogeuka Alhamisi.

"Mwambie avae ya masikioni," fundi akasema, "betri zitadumu hadi mwezi mwandamo."

Nikampigia baba mdogo papo hapo, nikampa majibu kama daktari. Kimya. Halafu akasema, "Mwanangu, mtumbwini tuko wanne. Nivae mimi peke yangu masikioni, halafu niwaambie wenzangu redio imesema turudi? Watasema mzee anataka kulala."

Sikuwa na jibu. Fundi, aliyekuwa anasikia kila kitu, akainama chini ya meza akatoa redio nyingine, kijisanduku chenye spika na antena ya kuvuta, kinachotumia betri ya simu aina ya BL-5C, ile ya Nokia ambayo nchi hii imeiasili kama mtoto wake. Ya kweli inabeba 1,020. Kwa mlo uleule wa 120 unapata saa 8 na zaidi, na inachajiwa kutoka kwenye betri ya sola ya taa zao. Akaniwekea mbili. Zilizokuwa zimeandikwa 3,000 akazitupa pembeni: "Hizi zimeandikwa tu." Nikalipa elfu kumi na tano ya redio na elfu sita za betri, nikapanda meli.

Kambini nilifika jioni. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, hawajambo. Redio ikawashwa pale mchangani, ikaongea kama kengele. Vijana wakashangilia. Ukienda nyuma ya lile jabali kubwa inakufa, ukitoka hatua mbili inafufuka, kwa sababu FM haipindi kona, inataka kuuona mnara. Majini hakuna jabali, kwa hiyo nikawa najisifu.

Mmoja wa vijana akawasha taa ya mtumbwi kuijaribu. Redio ikafanya "shwaaaaa."

Akazima. Mtangazaji akarudi. Akawasha. Shwaaaaa.

Jamani! Karabai za mafuta ya taa zilikuwa na moto na moshi lakini hazikugombana na redio. Hizi taa nyeupe za betri, zile za bei nafuu, zina kijibodi ndani kinachokata na kuunga umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele yake inarushwa hewani na waya za taa kama vile na wao wana kituo chao. Kuzima taa katikati ya kazi ili usikilize utabiri haiwezekani. Dagaa waliokusanyika kwa saa mbili watatawanyika, na posho ya vijana inatoka kwenye mgawo wa kilichopatikana.

Nikampigia fundi. Akasema redio ikae mwisho wa mtumbwi, mbali na taa, isichajiwe taa zikiwa zinawaka, na antena iungwe waya upandishwe kwenye mlingoti. Tukafanya hivyo. Kituo chenye nguvu kikasikika vizuri. Kile cha mbali, ambacho baba mdogo anakipenda kwa taarabu, hakikurudi.

Saa 2 usiku walikuwa bado hawajasukuma mtumbwi. Taarifa ya habari, halafu hali ya hewa. Upepo mkali na mawimbi makubwa, usiku wa manane kuelekea alfajiri, upande wetu. Wote wanne walisikia, na mimi wa tano, na msimamizi wa tajiri wa sita.

Msimamizi akasema kambi ya pili wameshatoka. Kweli, taa zao zilikuwa zimepangana huko mbele kama mtaa.

"Sisi hatutoki," baba mdogo akasema.

Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Kama saa 10 alfajiri upepo ulikuja, ukabeba turubai la jikoni na kupindua meza ya kuanikia. Kulipokucha mitumbwi ya kambi ya pili ikaanza kurudi, mmoja unavutwa na mwingine, watu wameloa lakini wote wazima, na ndoo nane za dagaa. Vijana wetu waliziangalia zile ndoo nane, kisha wakamwangalia baba mdogo. Msimamizi alikuwa anaongea na tajiri kwenye simu, amewapa mgongo.

Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya mtumbwi, anafunga ule waya wa antena uliolegea usiku.

"Mwanangu," akaniambia bila kuinua kichwa, "ukirudi mjini, niletee betri ya tatu. Na umwulize fundi kama anazo taa zisizopiga kelele."